Kibati cha Linus

Kila ikikaribia tarehe nne Desemba mimi hushikwa na kikohozi. Binti yangu, ambaye nakaa kwake hapa Walthamstow, amekwisha kuzoea. "Baba, mbona kikohozi chako kinafuata kalenda?" huniuliza. Namwambia aniletee chai, maswali awaulize watoto wake.

Tarehe nne ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Na mimi, Method Mwampashi, nilichimba makaa ya mawe miaka kumi na tisa kule kwetu Ileje, katika mgodi mdogo ambao siku hizi umefungwa na kuota majani. Sikukuu tuliletewa na padri wetu, Mpolandi mwenye ndevu nyekundu, aliyezaliwa kwenye nchi ya makaa huko kwao. Alitufundisha kuibeba sanamu ya Barbara kutoka kanisani mpaka mdomo wa mgodi, kwa nyimbo na ngoma. Siku mbili hakuna kazi. Mpiga ngoma mkubwa nilikuwa mimi, na nisijisifu, nilikuwa naijua.

Mwaka huu kikohozi hakikunifaa kitu. Dinah aliniwahi.

Dinah ni binti wa Linus Kibona, rafiki yangu niliyechimba naye bega kwa bega. Anakaa Hounslow, kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Tulikutana miaka mitatu iliyopita, nje ya kanisa, baada ya misa ya Kiswahili. Aliposikia jina langu na kwetu ni wapi, alipiga magoti palepale barabarani, Wazungu wanapita na mbwa wao, akasema, "Shikamoo, baba mdogo," akalia. Tangu siku ile ananipigia simu kila Jumapili. Ananiletea unga, maharage ya Mbeya, dagaa sijui anawapata wapi. Mwe! Kila chakula kilichotoka mkononi mwake kilinikwama kooni, na kila kimoja nilikimaliza.

Maana Dinah anajua kwamba baba yake alitoroka. Kwetu kila mtu anajua hivyo. Desemba ya mwaka themanini na nne Linus Kibona alimaliza shifti, akatoka mgodini, akavuka mto Songwe kwenda Malawi, akamwacha mke na mtoto wa miaka minne. Matanga hayakukaliwa, kwani nani anakaa matanga ya mtoro? Mama yake Dinah hakuolewa tena, hakuvaa kaniki ya ujane, alibaki tu vile, mke wa mtu aliyekimbia. Na mtu mmoja duniani anayejua kwamba habari hiyo ni uongo ni mimi.

Nilikuwa nimeapa kumwambia. Niliapa Pasaka, nikaapa Krismasi, nikaapa siku nilipotimiza sabini. Nikimwona amebeba mfuko wa unga ngazini, kiapo kinayeyuka.

Basi Jumatano akapiga simu. "Baba mdogo, Jumapili nina shifti na mzee Zygmunt, yule Mpolandi niliyekuambia. Naye alikuwa mchimba makaa kabla hajaja huku. Anataka nimpeleke kanisani kwao, Ealing, kwenye misa ya Barbara. Wameisogeza Jumapili ili watu wapate nafasi. Nimemwambia ninaye mchimbaji mwenzake, na amefurahi huyo! Twende wote."

"Nina kikohozi," nikasema, nikakohoa kidogo kuthibitisha.

"Nitakuja na dawa." Halafu akasema taratibu, "Twende, baba mdogo. Mchimbaji niliyebakiwa naye ni wewe peke yako."

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Jumapili nikapanda treni mapema. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitamwambia tukiwa kwenye basi, hapana, nitamwambia mlangoni. Nilipofika Hounslow, mzee Zygmunt alikuwa tayari kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa koti jeusi lenye vifungo vya dhahabu safu mbili, na magotini amepakata kofia yenye manyoya meusi ya jogoo. Hakunipa mkono kunisalimu. Aliushika wangu, akaugeuza, akaanza kuukagua kama mnunuzi wa viazi. Alikuwa anatafuta alama ya bluu, ile inayobaki vumbi la makaa likiingia kwenye kidonda kikapona nalo ndani. Akaiona chini ya kidole gumba. Akacheka, akavuta mkono wa koti, akanionyesha ya kwake, ndefu mpaka kiwiko. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, lakini hapo hatukuhitaji hata kimoja.

Kwenye basi Dinah alikishika kiti cha mzee kisiteleze, mimi nikakaa mbele yao. Mzee akatoa mfukoni kipande cha bati cha mviringo, kikubwa kama kizibo cha chupa ya maziwa, kina tundu juu na namba imekwaruzwa kwa msumari.

"Mlikuwa navyo?" akaniuliza.

Tulikuwa navyo. Kila mchimbaji ana kibati chake chenye namba. Ukiingia mgodini karani anakitoa ubaoni anakupa, unashuka nacho. Ukitoka unamrudishia, anakitundika. Ubao ukijaa, watu wote wametoka. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu yuko chini, na hapo hakuna kula wala kulala, mnachimba mpaka apatikane. Sheria ilikuwa moja: kibati cha mtu hakirudishwi na mwingine. Ila mkesha wa sikukuu watu wana haraka, wanatumana. Sote tulifanya.

Mzee akaeleza desturi ya kundi lao la wachimbaji wazee. Misa ikikaribia kwisha, ubao wenye misumari unawekwa chini ya sanamu ya Barbara. Yanaitwa majina ya waliobaki chini, na aliyeshuka naye siku ile ndiye anayekwenda kutundika kibati chake na kusema, "Ametoka." Kanisa zima linaitikia, "Ametoka." Vibati anavikata yeye mwenyewe kila mwaka, kutoka kwenye makopo ya biskuti, na Dinah ndiye anayemshikia mkasi.

"Wa kwako ni nani?" akaniuliza.

"Sina."

"Kila mchimbaji anaye," akasema, akanitilia kibati kitupu kwenye mfuko wa koti, na msumari wake.

Dinah akacheka kidogo. "Huyu mzee msumbufu. Amekuwa akiniuliza kila siku kama baba yangu alifia mgodini. Namwambia hakufa, alikimbia. Haelewi. Anasema mchimbaji hakimbii." Akamwekea mzee skafu sawa. "Mama naye mpaka leo anasema ulimi wake ndio uliomfukuza. Unajua waligombana asubuhi ile? Eti juu ya bakuli! Baba alikuwa amekwisha kupoteza mabakuli mawili ya chakula huko mgodini. Mama akampa la tatu, la bluu, akamwambia ukipoteza na hili usirudi nyumbani. Akaenda, hakurudi. Mama yangu amelibeba neno hilo miaka yote."

Nikatazama dirishani. Nilikuwa nimelisikia neno hilo hilo kutoka kwa Linus mwenyewe, yeye akicheka.

Tulikuwa tumemaliza shifti ya mchana, mkesha wa Barbara, tunapanda kutoka njia namba tatu. Nje ngoma zilikuwa zimeanza kujaribiwa na mimi miguu inawasha. Linus akajipiga paji la uso. "Loo, bakuli! Nikilipoteza na hili mke wangu kasema nisirudi." Akanipa kibati chake, namba mia na arobaini na mbili. "Nirudishie, nitakukuta njiani." Nikatoka, nikamrudishia karani vibati viwili, cha kwangu na chake, nikamwambia, "Ametoka." Hata hakutazama uso. Ubao ukajaa. Nikaenda kuoga, nikaenda kupiga ngoma.

Usiku ule mama Dinah akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia ametangulia. Nilidhani hivyo, au nilitaka kudhani hivyo. Siku ya pili asubuhi nilikwisha kujua moyoni. Ningeweza kusema. Lakini kusema ni kukiri kwamba nimevunja sheria, na kuvunja sheria ile ni kufukuzwa kazi, pengine jela, na mimi mke wangu ana mimba. Nikasema ngoja jioni. Jioni nikasema ngoja kesho. Watu walinipa pombe, nikapiga ngoma siku zote mbili.

Tuliporudi kazini, njia namba tatu ilikuwa imeporomoka. Msimamizi akatazama ubao: vibati vyote vipo, hamna mtu. Kukawa na harufu ya hewa mbaya, akaamuru ujengwe ukuta wa kuiziba. Nani alikoroga udongo wa ukuta ule? Mimi. Mama Dinah alipokwenda kuuliza, karani akamwonyesha namba mia na arobaini na mbili ikining'inia. "Mumeo alitoka, mama." Baada ya wiki kuna mpumbavu akasema amemwona sokoni Chitipa, huko Malawi, na mwanamke. Mimi nilikuwepo akisema. Nikanyamaza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye basi, na mpaka tunashuka Ealing sikuwa nimetoa hata moja.

Kanisa lilikuwa limejaa. Wazee wenye makoti meusi walikaa mbele na manyoya yao, kama mkutano wa majogoo. Kulikuwa na tarumbeta, na Barbara amesimama pembeni ameshika mnara wake mdogo, mfano wa ule aliofungiwa, uso uleule wa kule kwetu, ila huyu rangi yake haijabanduka. Nilikuwa sijamwona tangu niache kwenda kwenye sikukuu yake. Sikutegemea, lakini nilipomwona nilisikia utulivu, kama vile mtu unapoingia nyumba ya shangazi ambaye atakugombeza lakini hatakufukuza.

Mahubiri yalikuwa ya Kipolandi. Nikautoa msumari na kibati, nikakiweka juu ya kitabu cha nyimbo, nikaanza kukwaruza. Moja. Nne. Dinah akainama. "Unaandika nini, baba mdogo?"

"Namba."

"Ya nani?"

"Subiri, mwanangu." Nikaandika mbili.

Ubao ukaletwa. Majina yakaanza kuitwa, na wazee wakawa wanakwenda mmoja mmoja, wengine kwa fimbo. Dinah akamsukuma mzee Zygmunt mpaka mbele. Alitundika cha mwenzake, akasema neno lake kwa sauti ambayo sikudhani anayo, kanisa likaitikia. Walipokuwa wanarudi, padri akauliza, kwa Kipolandi kisha kwa Kiingereza, kama kuna mwingine ambaye bado yuko chini.

Mzee Zygmunt hakunitazama hata. Alikuwa anafuta miwani yake.

Nikasimama. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikafika mbele, nikatundika kibati, na ndipo nikaona siwezi kusema lile neno. Nilikwisha kulisema mara moja kwa karani, na nilikuwa nadanganya. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili asikie yule mmoja aliyepaswa kusikia: "Linus Kibona. Namba mia na arobaini na mbili. Hakutoka. Alibaki chini, na kibati chake nilikirudisha mimi."

Wapolandi hawakuelewa kitu. Wakaitikia kama walivyowaitikia wengine wote: "Ametoka."

Nilipogeuka, Dinah alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono bado iko kwenye kiti cha mzee. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. Kisha akakisukuma kiti mpaka mahali pake, akakaa, akafuata misa mpaka mwisho.

Waoga tuna tabia hiyo, tunasema penye watu wengi ili tusipigwe. Najua. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio nilikipeleka kanisani kwa watu.

Baadaye tulishuka ukumbini. Palikuwa na supu na soseji na bia. Dinah akamchukulia mzee sahani, akamkatia soseji vipande vidogo, akamfunga kitambaa shingoni, akahakikisha ameanza kula. Halafu akaja akavuta kiti mbele yangu.

"Sema."

Nikasema yote, ngoma, pombe, ukuta, Chitipa. Kitu kimoja tu sikukitaja. Nilisema Linus alirudi kufuata kitu alichosahau. Sikusema kitu gani.

"Zile siku mbili za sikukuu," akauliza, "alikuwa hai?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna, Dinah. Ndiyo maana sili nikashiba, ndiyo maana silali."

"Unashiba," akasema. "Nimekuona." Hakupandisha sauti. "Miaka mitatu umekula kwangu, Mzee Method. Nilikupigia magoti barabarani."

Mzee Method. Si baba mdogo tena. Nilijua litakuja, lakini lilinichoma, sisemi uongo. Nilitaka kumwomba radhi, na nikaomba, na neno lenyewe likawa dogo, aibu tupu.

"Usiniombe mimi," akasema. Akatoa simu, akapiga nyumbani. Huko ilikuwa inakaribia jioni. Akaiweka mezani, sauti ya nje, katikati ya glasi za bia. "Mama, yuko hapa Method Mwampashi. Ana neno."

Nikamwamkia. Nikarudia yote, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu huyu alikuwa ndiye aliyeniuliza usiku ule mwenzako yuko wapi. Nilipomaliza nilisikia kuku wakilia nyuma yake, na mtu akipasua kuni.

"Method," akasema mwishowe. "Alirudi kufuata nini?"

Dinah akaniinulia macho. Aliona usoni mwangu kwamba ninajua, na nadhani palepale akajua na yeye, maana aliweka mkono mdomoni. Uongo nilikuwa nao tayari. Ningesema koti. Ningesema sururu. Mama wa watu angekufa bila kujua kwamba neno lake la asubuhi ndilo lililomrudisha mumewe chini, na ingekuwa huruma, watu wengi wangesema ni huruma. Lakini huruma za namna hiyo nimeziishi miaka thelathini na tatu, najua zinavyozaa.

"Bakuli," nikasema. "Lile la bluu. Alisema hawezi kurudi nyumbani bila bakuli."

Huko kuni zikaacha kupasuliwa. Dinah alikuwa amefumba macho.

"Kumbe," mama yake akasema, polepole, kama mtu anayelijaribu neno kwa mguu kabla hajalikanyaga. "Kumbe alikuwa anakuja nyumbani."

Dinah akaisogeza simu karibu yake.

"Dinah," akasema tena, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka lakini ni ya mwenye nyumba anayepanga kazi, "mpigie baba yako mkubwa. Mwambie tunakaa matanga. Wapeleke msalaba kwenye ukuta huo. Na Method aje, yeye ndiye anajua ulipo. Nitakachomfanya akifika ni shauri langu na lake."

"Nitakuja," nikasema.

"Si nimesema utakuja? Na usije mikono mitupu. Njoo na bakuli." Simu ikakatika.

Mzee Zygmunt alikuwa amemaliza soseji zake, anatutazama. Akauliza kama wa kwangu ametoka. Nikamwambia anatoka, ila ana njia ndefu.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye soko letu refu la Walthamstow kabla wauzaji hawajamaliza kupanga meza. Nilikuwa nimemtumia Dinah ujumbe kwamba nakwenda kununua bakuli, lakini nilishangaa kumkuta amesimama kwenye meza ya vyombo, ametoka Hounslow gizani. Hakuniamkia. Tulisimama bega kwa bega tukichambua mabakuli, mimi nikashika moja la bluu, dogo, lenye mfuniko.

"Mzee Method," akasema, bila kunitazama. "Alikuwa anakula sana?"

Miaka mitatu hakuwahi kuniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, hata alikuwa mrefu au mfupi.

"Linus? We! Alikuwa anamaliza chake, anakuja kumalizia changu."

Akalichukua lile dogo mkononi mwangu, akalirudisha mezani.

"Basi beba hilo kubwa," akasema.